Mama Kadi, Mkaguzi wa Alama za Gofu

Ndugu, jamaa na majirani, mama yetu, aliyeitwa Mama Kadi huko kazini, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, na tangu utotoni alikuwa mwoga, wa mbwa, wa radi, wa mwalimu wa hesabu, ingawa hesabu zenyewe alizipenda.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari 1978, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa karani katika klabu ya gofu, kazi yake kukagua kadi ambazo wachezaji huandika mipigo yao. Hakuwahi kushika fimbo, lakini kwa swingi tu, yaani mchezaji anavyozungusha fimbo, aliweza kukwambia mpira utapinda kulia au kushoto, na alitufundisha mezani kwamba handikapu ni mipigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili ashindane sawasawa na hodari, kwa hiyo anayedanganya kwenye kadi anawaibia wote.

Tarehe 12 Desemba 1987 aliolewa na baba yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, mwaka 1989 na 1992.

Mapema mwaka 1994 baba alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga, tukabaki tunamtegemea mama peke yake. Jumamosi, tarehe 17 Septemba, siku ya mashindano, mwenyekiti wa klabu alileta kadi ya ushindi, shimo la mwisho ameandika mipigo mitano, na mama alikuwa dirishani, ameona sita. Kanuni ilikuwa wazi, kadi iliyosainiwa ikiwa na mipigo pungufu humtoa mchezaji mashindanoni. Mama alijifungia msalani, akiwaza akifukuzwa atakula nini na wanawe, kisha akatoka, akasimama mbele ya meza ya mwenyekiti.

"Mheshimiwa, shimo la mwisho ulipiga mara sita."

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika. Mpigo mmoja ulikuwa mchangani, mpira haukutoka."

Mwenyekiti alihesabu kwa vidole, akarudia, akasema, "Kweli, ule niliusahau," akaichana kadi yake.

Kwa wiki tatu mama alishtuka kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa, akingoja barua ya kufukuzwa. Barua haikuja, na alifanya kazi pale mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016.

Mwezi Machi 2022 madaktari waligundua uvimbe kichwani. Siku ya upasuaji alitetemeka mpaka kitanda kikatingishika, sisi tukajitia kumpa moyo, akatukatiza, "Msiniambie nisiogope. Kaeni tu hapa." Tulikaa, siku ile na zote zilizofuata, na tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, alituaga mikono yake ikiwa mikononi mwetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza kila kitu bila kumficha, majirani waliotupikia, na wenzake wa klabuni, akiwemo mwenyekiti mstaafu, aliyeko nasi hapa.

Mama, hofu imekwisha. Pumzika.