Blenda ya Maabara Iliyofungiwa Kabatini

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Blenda, mtaalamu wa maabara. Nawaambia mapema: nina hasira, na sitaificha.

Mashine ya kuzungushia damu ilipoharibika hospitalini kwake, wakubwa walisema subirini. Damu isipozungushwa haijitengi, na isipojitenga vipimo vingi havifanyiki. Mama Blenda hakusubiri. Alibeba blenda ya nyumbani kwake, akatoa visu, akafunga vishikizo vya mirija, akaiunganisha na swichi ya feni ya kupunguzia kasi. Na kifuniko? Hotpoti!

Mumewe, fundi cherehani, anasimulia huku anacheka na kufuta machozi. "Narudi nyumbani, chakula kimepoa. Nauliza, mama, hotpoti iko wapi? Ananijibu, iko kazini, baba, wewe pasha tu."

Blenda ikachapa kazi. Mjamzito akija asubuhi, anaondoka na majibu yake mkononi. Narudia: siku hiyo hiyo, kwa blenda.

Kisha wakaja wakaguzi. Wakaona haina kibandiko cha kiwandani, wakaamuru iondolewe. Mama Blenda akawasihi. "Ipimeni jamani. Linganisheni majibu yake na ya hospitali kubwa. Ikishindwa, nitaitupa mwenyewe."

Hakuna aliyeipima. Hakuna! Ikasukumwa stoo, na damu za wagonjwa zikaanza kusafirishwa mbali, majibu yanarudi baada ya wiki. Kila Mama Blenda alipokutana na mganga mkuu wa hospitali koridoni, alimkumbusha blenda ipimwe. Mganga mkuu siku zote alikuwa na haraka.

Mwezi uliopita moyo wa Mama Blenda ulisimama ghafla, akatutoka. Na kwenye mazishi, nani kashika kipaza sauti? Mganga mkuu yule yule! Eti mbunifu, eti hazina yetu, eti blenda itawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi ili tumuenzi.

Mumewe akasimama. "Daktari, mke wangu hakutengeneza pambo. Ipimeni, muirudishe mezani." Wakamkalisha chini, wakisema ni uchungu wa msiba.

Sasa blenda iko kabatini, imepigwa rangi mpya, inamulikwa na taa. Mbele yake wamekaa wajawazito, wanaambiwa waje wiki ijayo.

Pole sana, fundi. Poleni, watoto. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkipita pale mapokezi, msiishie kupiga picha. Gongeni mlango wa mganga mkuu, mumuulize ufunguo wa kabati uko wapi.