Sifa za Fundi Aliyepoteza Sauti

Benchi liliegemea kibanda cha fundi viatu, na kahawa ilikuwa bado nusu birika. Wenyewe wa kijiwe walikuwepo: Kinyozi, aliyefunga duka ili abishane vizuri, na Hakimu, ambaye maisha yake yote alikuwa tarishi wa mahakama. Fundi alishona soli, moyo mzito. Miaka ishirini aliimba besi kwenye kwaya. Tangu augue koo, alikuwa amebaki na mnong'ono tu. Leo mwalimu wa kwaya angepita kuchukua joho lake, na hilo lilimuuma kuliko koo lenyewe.

— Usirudishe kitu, alisema Kinyozi. Zaburi inasema kila chenye pumzi kisifu. Pumzi huna?

— Ninayo, Fundi alinong'ona.

— Basi! Pumzi yenyewe ndiyo sifa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Pingamizi! alisema Hakimu. Yaani nikikoroma namsifu Mungu?

— Tena kwa besi!

— Nikimwambia hivyo mke wangu nitalala nje. Mficha uchi hazai.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu. Mungu yumo humu kifuani, amekaa. Hata mbuzi analijua hilo, ndiyo maana hana kwaya.

— Na tairi la baiskeli je? Lina pumzi.

— Likipata pancha limeasi!

Fundi alicheka mpaka akakohoa.

— Jamani, nyie mnacheza. Mimi nataka kujua: nikisimama kimya katikati ya wenzangu, nitakuwa nasifu au nawajazia nafasi tu?

Wakaona aibu. Hakimu akaamuru ushahidi utafutwe palepale: wote wafumbe macho, wanyamaze, wasikilize pumzi zao. Kijiwe kilikuwa hakijawahi kuona maajabu hayo. Kinyozi ilibidi azibe mdomo kwa kiganja. Fundi alisikia hewa ikipita kwenye koo lake bovu, taratibu, bila kumwomba mtu ruhusa. Akaona raha, raha ya kweli, kama zile siku kwaya nzima ilipovuta pumzi pamoja kabla ya kuimba. Hakutaka iishe.

Mwalimu wa kwaya alifika hapo, mkoba begani. Akaviangalia vifua vitatu vikipanda na kushuka pamoja. Mtu wa kazi yake akiona hivyo anajua kinachofuata, akasubiri. Hakikufuata kitu.

— Samahani wazee wangu, aliuliza. Mnaanza wimbo gani?

Kinyozi akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama birika.

— Karibu ukae, mwalimu, Fundi alinong'ona, akimsogezea nafasi. Joho silirudishi.