Nelius wa Meza ya Dirishani

Bwana asifiwe tena. Mimi ni Lenah, dada mkubwa wa marehemu, shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo nikikwama mnivumilie, lakini familia imesema nisome mimi kwa sababu mambo ya Nelius nayajua yote, hata lile aliloniomba nisiseme.

Nelius Karwirwa Kivuti alizaliwa Mitunguu tarehe 14 Machi 1967, nyumbani kwa mkulima wa ndizi, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1974, akamaliza kidato cha nne 1984, kisha akaenda Nairobi kusomea kazi ya maktaba, na Mei 1987 akaajiriwa katika maktaba ya chuo huko Embu mjini, akakaa hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Hapo ndipo alipokutana na Salesio wa hapa Kibugu, mwanafunzi aliyeazima kitabu kimoja cha magonjwa ya majani chai, akakirudisha, akakiazima tena, muhula mzima, na chai yake mnaiona hapo chini, hata leo hajui kuitibu. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991, wakajaliwa Tabby mwaka wa 1993, na Antony 1996.

Kompyuta zilipoletwa maktabani mwaka wa 2014 tulidhani atazikimbia, kumbe alizipenda, akafundishwa na vijana, akavipiga picha vile vitabu ambavyo wanafunzi wa zamani waliandika ili kumaliza digrii, visomeke kwa simu, mtu wa Ishiara asihangaike na safari. Jambo moja tu lilimkera, kwamba watoto walianza kusomea vitandani huko hosteli. Basi akaziweka kompyuta kwenye meza ndefu ya dirishani, katikati ya vitabu, anayejua mashine akamketisha karibu na anayejua rafu, wafundishane, na ninyi mliofundishana mpaka mkaoana, nawaona hapo na watoto wenu, haikuwa bahati, Nelius alikuwa akichunguza nani hana mtu.

Novemba 2024 alipatikana na saratani ya tumbo, na Januari, akiwa amelazwa, Mkuu wa Chuo, Bwana Kathuri, ambaye tuko naye hapa na ninamheshimu, akatangaza kwamba kwa kuwa kila kitu sasa kiko kwa simu, ukumbi wa kusomea utafungwa, ugawanywe ofisi. Dada yangu hakulia alipoambiwa ugonjwa, alilia siku hiyo. Nilimwambia aachane nao, ukumbi si mume. Akanijibu, "Lenah, mashine itampa mtoto kitabu, lakini haitamwonyesha aliyeketi kando yake."

Halafu akaitisha simu. Bwana Kathuri ana kijana, Kirimi, anayesomea digrii ya pili, ambaye mama yake alikuwa amechoka kumwombea mke, na huyo akaandikiwa kutoka kitandani kwamba kitabu anachokitafuta kipo lakini hakijaingizwa kwenye kompyuta, aje akisomee mezani, na mjukuu wangu Winfred, mwanafunzi wa hapo hapo, akaandikiwa aje amsaidie kukitafuta kwenye rafu. Kitabu hicho kilikuwa kwenye kompyuta tangu 2019. Hilo ndilo aliloniomba nisiseme. Bwana Kathuri, usimtazame Kirimi hivyo, mbuzi wenu wa mahari tumeshakula.

Mwezi wa tano Kirimi alimpeleka Winfred kwao, baba mtu akauliza walikokutana, wakamjibu ni kwenye meza ya dirishani, na habari ya ofisi haikusikika tena. Tarehe 6 Juni Bwana Kathuri alikuja mwenyewe hospitalini, akasimama karibu na kitanda akasema, "Mama Tabby, ukumbi unabaki." Nelius alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, akalala usingizi ambao hatukuwa tumeuona tangu Januari, na Jumatatu tarehe 9 akaondoka polepole, bila kuhangaika, nasi pamoja na machozi yetu tumepumua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchumia chai tukiwa hospitalini, na wenzake wa kazi, pamoja na Bwana Kathuri, mkwe wetu.

Jana Tabby alipitia maktabani kuchukua sweta ya mama yake, akakosa mahali pa kuketi. Pumzika kwa amani, mwana wa mama, meza yako imejaa.