Jina la Kizingitini

Mheshimiwa mwenyekiti wa hekalu letu, mwalimu wetu wa sala, wazee wetu, ndugu wageni waalikwa, nanyi kinamama mliopanga maua tangu alfajiri: nawasalimu nyote. Hotuba niliyoiandaa siwezi kuisoma tena. Ilikuwa ya kuwasifu ndugu zangu wawili, na hili pazia nililolivuta sasa hivi limeniacha mdomo wazi.

Jamani, mnaona ninachokiona? Kwenye jiwe la wafadhili limechongwa jina moja tu, la mdogo wangu, muuza vigae. La kaka yetu mkubwa, muuza mbao aliyetoa milango yote hii, liko wapi?

Tusidanganyane, wote mnajua walivyogombana nani aandikwe juu. Mdogo alisema, "Nikiwekwa chini yake, nang'oa vigae vyangu." Mkubwa akajibu, "Ang'oe, tutasali kwenye vumbi." Huyo ndiye kaka yetu, ambaye ukimpita bila kumwamkia ananuna wiki nzima! Tangu siku hiyo mdogo hajainama kumgusa miguu kaka yake kwa heshima kama mila yetu Wahindu inavyotaka, hata siku tuliyouchoma mwili wa mama. Mimi dada yao wa katikati nimekuwa mpeleka salamu tu, nikiomba wapatane kabla sijafumba macho.

Mwalimu ametuambia mara ngapi? "Viatu mnaviacha nje, umimi mnaingia nao." Nasi tunatikisa vichwa, kisha haoo, tunagombea viti vya mbele.

Basi nimemnong'oneza kaka hapa jukwaani, "Jina lako liko wapi?" Akaniambia, "Mdogo wangu, umeshalikanyaga."

Mungu wangu! Kile kizingiti cha jiwe pale mlangoni! Tumeingia peku, nikahisi michoro chini ya unyayo, nikadhani ni nakshi. Kumbe tumemkanyaga mtu mzima, sote, tena mheshimiwa mwenyekiti ndiye wa kwanza! Nikamuuliza, "Kaka, umefanya nini?" Akasema, "Nimesali huu umimi unitoke, umekataa. Nikaona watu wanisaidie kuukanyaga."

Nimekasirika, niseme ukweli. Mtu anamfanyia hivi dada yake mbele ya wageni? Machozi haya msiyajali.

Na wewe mdogo wangu, mbona umesimama? Unakwenda wapi? Mpisheni, jamani, apite. Ninyi wa nyuma, hebu niambieni. Anafanya nini huko mlangoni?

Ameinama? Yeye? Amekigusa kizingiti, na mkono ameupeleka kwenye paji la uso?

Kaka, shuka. Shuka haraka! Mwenzio anagusa jiwe na miguu yako ipo.

Waheshimiwa, nilikuwa na kurasa nyingine, lakini hazina kazi tena. Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mkitoka, kanyageni taratibu.