Mlango wa Bi Kuluthumu

Treni ilipoiacha Usoke kuelekea Tabora, Mabruki, fundi cherehani, alikuwa amekunja magoti, maana mlango wa mninga ulilala katikati ya behewa kama abiria mwenye tiketi yake. Mwenyewe, Bi Kuluthumu, alikuwa ameukalia. Nyumba yake ilikuwa imebomolewa juma lile ili ahamie kijiji cha ujamaa. Yeye aling'oa mlango, akashika njia ya kwa dada yake, mtaa wa Kanyenye mjini Tabora.

"Shikamoo, bibi," alisema kijana aliyekaa mkabala naye. "Mimi nasoma chuo kikuu. Uchumi wa siasa."

"Marahaba. Ungekuja na wale wa lori, basi. Wamevunja nyumba yangu bila siasa hata chembe."

Mabruki alikohoa kuficha kicheko. Kwa wazee wa Tabora siasa ni upole; mtoto mchanga hubebwa kwa siasa.

"Siyo hiyo, bibi. Sisi tunauliza nani anatoka jasho na nani anakula. Wazee wako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Nani alitajirika?"

"Si wao. Na mimi leo nimebeba mlango. Nani katajirika?"

"Lakini kijijini kuna shule, zahanati, maji!"

"Wangeniuliza, ningekwenda kwa miguu yangu. Hawakuniuliza. Siendi!"

Kijana alifungua kinywa kujibu, breki zikamtangulia. Tabora. Bi Kuluthumu akasimama, akamwonyesha ncha ya mlango.

"Haya msomi, shika huku. Na uushushe kwa siasa."