Pini za Meza ya Kukatia

Mheshimiwa Mkurugenzi, mgeni rasmi wa leo. Ndugu wageni waalikwa. Mzee wetu mstaafu, pamoja na mama yetu uliyeketi kando yake. Wenzangu wa mashineni, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimeombwa nimsifu mkataji wetu, na niwe mfupi. Kusifu naweza. Ufupi tutauona huko mbele. Mimi ni msimamizi wa ukumbi wa kushonea, nimezoea kusema mashine zikinguruma, kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nimekasirika.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo. Katika kiwanda cha nguo, kabla sisi hatujashona chochote, lazima mtu mmoja akate. Kitambaa hutandikwa mezani tabaka juu ya tabaka, kisha mkataji hupitisha kisu cha umeme, na kisu hicho hakijui tofauti ya kitambaa na kidole. Sisi washonaji tukikosea, tunafumua. Yeye akikosea, atafumua nini?

Basi mzee huyu alikuwa na desturi yake. Akiikaribia meza, huchukua pini na kuzibana midomoni. Pini zikiwa midomoni haongei, haitiki, wala haulizwi kitu. Uwe msimamizi, uwe mhasibu, uwe nani, utasubiri. Ndiyo maana mnasikia tukimwita Bwana Pini, na kama wapo wageni waliodhani ni jina la ukoo, poleni sana. Nesi wa kiwanda aliwahi kumwonya kwamba iko siku atazimeza. Akasimama pale kungoja jibu. Hakulipata, maana pini zilikuwa midomoni.

Sasa mtasema, mtu wa namna hii ametulia kila mahali. Ngojeni kwanza! Mama yupo hapa, na amenipa ruhusa niseme. Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Pini alizitoa, ila akili ilibaki mezani kwetu. Binti yake akimwonyesha mchoro, anaitikia "mm, mm", huku analipima pazia kwa macho, aone litatoa mashati mangapi. Mchana mmoja, siku ya mapumziko, akamwita yule binti waje kula. Kimya. "We mtoto, husikii?" Kimya. Akamfuata chumbani, akamkuta amebana penseli midomoni, penseli nyingine iko mkononi, anachora, hata kichwa hainui. Akamgeukia mkewe: "Huyu ana nini leo?" Mama, bila kuacha kupakua chakula, akamjibu: "Yuko kazini, baba. Subiri amalize."

Nasikia aliona haya mpaka akashindwa kula. Tangu hapo akifika nyumbani huchomeka pini zake zote kwenye pazia la mlangoni, kabla hata hajavua viatu, na zikishachomekwa, kazi imekwisha mpaka kesho. Wageni wa nyumba ile wanalijua pazia hilo vizuri. Kuna shemeji yake mmoja humu ndani, simtazami usoni, aliwahi kulishika kwa pupa na majirani wote wakasikia.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mwaka jana, Mheshimiwa, ulitoa agizo kwamba kila mfanyakazi awe na simu karibu na aipokee mara moja ofisi inapompigia. Bwana Pini akatii. Lakini mtu hawezi kuzungumza na simu huku amebana pini, kwa hiyo akaziweka kando. Tulikuwa na oda ya mashati ya wahudumu wa hoteli. Ili mikono ya kulia na ya kushoto itoke sawasawa, tabaka moja la kitambaa hutandikwa uso juu, na linalofuata uso chini. Akiwa katikati ya kutandika, simu ikaita. Ofisi inauliza: "Mmefika wapi?" Akajibu kwa heshima zote: "Tunaendelea vizuri, bosi." Akarudi mezani, akaendelea kutandika, uso juu, uso juu, uso juu, mpaka mwisho. Kisha akakata.

Mashati yale yalitoka na mikono ya kushoto pekee. Mnacheka, wenzangu, lakini siku ile nani alicheka? Mzee huyu aliketi juu ya robota la kitambaa akafunika uso, na mimi, ambaye silii ovyo, niliingia chumba cha pasi nikalia. Mheshimiwa, ulishuka mwenyewe, ukajaribu shati moja, mkono wako wa kulia ukagomea mgongoni, ukasema: "Huyu mzee aachwe na pini zake." Hilo nakusifu mbele za watu. Wakubwa wengi wangemlaumu aliyepokea simu, wakamsahau aliyepiga.

Ila ruhusa ile ilikuwa ya mtu, haikuwa ya meza. Na mtu anaondoka leo. Kuanzia Jumatatu kisu kitashikwa na Mama Mapacha, yule pale karibu na dirisha, ambaye mzee amemfundisha mwenyewe, na agizo la simu limebandikwa upya ukutani juu ya meza yake. Ofisi itampigia. Mapacha nao wakigombana huko nyumbani, watampigia. Kila anayempigia atakuwa na lake la maana, sikatai, na kisu nacho kitakuwa kinakwenda. Nauliza tu, kwa adabu: mikono ya mashati ilipoharibika, tulifungua robota jipya tukakata mingine. Kidole cha mama huyu tutakikata kwenye robota gani?

Zawadi ya mzee ni ile redio iliyofungwa pale, mtamkabidhi baadaye. Lakini yeye naye ameacha zawadi. Kikopo hiki nilichoshika kina pini zake. Amenipa asubuhi nimkabidhi Mama Mapacha, nami nimekataa kumkabidhi mwenyewe, kwa sababu agizo silo langu. Mheshimiwa, nakuomba usimame, ukipokee, umkabidhi wewe kwa mkono wako mbele yetu sote. Ukimkabidhi, tutaelewa. Usipomkabidhi, tutaelewa pia.

Sina haraka.

Naam. Amesimama. Mpisheni apite, tafadhali. Mama Mapacha, pokea kwa mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto. Na ile karatasi ya ukutani, Mheshimiwa, usijisumbue, nitaibandua mwenyewe.

Nawe mzee wangu, nenda nyumbani. Mama ameniambia amelifua pazia, halina pini hata moja, na ana mazungumzo marefu na wewe.

Mnamwona Mama Mapacha? Ameshazibana midomoni. Msimngojee atoe shukrani, hawezi, yuko kazini. Nazitoa mimi kwa niaba yake, na kwa niaba ya vidole vyake vyote. Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kuziacha simu zenu mifukoni.