Miaka Thelathini na Moja ya Bwana Kifungu, Polisi wa Gatini

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1978, saa kumi jioni, Sajini Meja wa Kikosi chetu cha Polisi wa Bandari atakabidhi filimbi, pingu na ufunguo wa kabati la zana. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi mitatu kazini. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili, lakini gatini hakuna anayelitumia. Makuli, makarani, manahodha na hata mkewe wanamwita Bwana Kifungu. Ukimwita vinginevyo hageuki.

Jina hilo alilipata mapema. Alipoajiriwa Machi 1947, kituo kilikuwa na kitabu chembamba cha Kanuni za Bandari, vifungu sitini na viwili, vilivyotungwa na watu ambao hawakuwahi kubeba gunia. Kitabu kilimwambia mtu wapi asikae, wapi asiteme mate, na apite mlango upi kulingana na rangi yake. Wenzake walikijua kwa kubahatisha. Yeye alikihifadhi chote kwa miezi miwili, tena kwa nambari. Ukivuka mstari mweupe na sigara mdomoni, hakukujulia hali. "Kifungu cha kumi na nne," alisema, na kalamu ilikuwa imeshatoka mfukoni.

Mwaka wa pili alimtia mahabusu mbwa wa Mkuu wa Bandari kwa kuzurura gatini bila kamba. Mke wa Mkuu alikuja mbio, amepandisha hasira, mwavuli mkononi. Bwana Kifungu alisimama wima, akamsomea kanuni neno kwa neno, akamtaka atie sahihi kabla ya kumchukua mbwa wake. Akatia. Kituo kizima kilikuwa kimejificha nyuma ya kabati, hawana mbavu kwa kicheko. Wakubwa nao waliona hapa wamepata askari, wakampa tepe mbili za ukoplo.

Wasifu huu, wa kusomwa Ijumaa tukimuaga, ulikuwa uendelee kwa furaha hiyohiyo hadi mwisho. Nilimpelekea nyumbani ili aukague. Alivaa miwani, akasoma, akaniangalia.

"Huyu uliyemwandika ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Simjui. Andika la kifungu cha kumi na tisa. La sivyo Ijumaa siji, utajisomea mwenyewe."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akaniambia, "Andika tu, mwanangu. Huyu akishika lake hashikiki."

Basi naandika.

Kifungu cha kumi na tisa kilimkataza mfanyakazi yeyote kuimba, kuita au kupaza sauti gatini wakati wa kazi. Kilitungwa kwa sababu abiria wa meli kubwa walilalamika kwamba makuli wanawasumbua. Adhabu ilikuwa kifungo cha siku saba. Kwa mwaka mmoja Bwana Kifungu peke yake alipeleka jela watu arobaini na watatu. Makuli wakanyamaza kama wako msibani, wakawa wanaelekezana kwa vidole.

Asubuhi moja ya mwaka 1952, winchi ilikuwa ikishusha mbao kutoka melini. Kuli mmoja, mrefu sana, jina lake la gatini Twiga, aliona fundo la kamba linaachia. Chini ya mzigo alikuwepo shemeji yake, mume wa dada yake, ameinama akipanga mbao, ameipa hatari mgongo. Twiga alifungua mdomo. Halafu akageuza macho, akamwona Bwana Kifungu amesimama hatua kumi pembeni na daftari lake. Twiga alikuwa ametoka jela siku nne tu zilizopita, kwa kifungu hichohicho. Akafunga mdomo, akakimbia amsukume shemeji yake. Hakumuwahi. Mbao zilishuka zote.

Marehemu aliacha mke na binti wa miaka minne. Kituo kiliandaa taarifa kwamba alikuwa amelewa, ikachapwa vizuri, ikabaki sahihi ya koplo aliyeshuhudia. Bwana Kifungu aliomba kwenda kuisoma nyumbani. Mkewe anakumbuka kwamba aliiweka mezani, chakula kikapoa, akauliza jambo moja tu: "Kama ningekuwa sipo pale, yule mtu angekuwa hai?"

"Sikumjibu," mkewe aliniambia. "Jibu alikuwa nalo."

Karatasi aliirudisha bila sahihi. Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya baraza la uchunguzi.

"Koplo, uliona hatari?" hakimu aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nilimwona mtu aliyeiona. Aliniangalia mimi kwanza."

"Kwa nini akuangalie wewe?"

"Kwa sababu nilimfundisha hivyo."

Kisha akafungua daftari lake, akasoma majina arobaini na matatu, moja baada ya jingine.

Miezi mitano baadaye kifungu kiliongezewa maneno saba: isipokuwa sauti ya kuonya juu ya hatari. Bwana Kifungu alivuliwa tepe zote mbili mbele ya gwaride, akapelekwa Lango la Tatu kukagua vyeti vya wanaoingia na kutoka. Alikaa huko miaka mitano.

Nyumbani kwa marehemu alikwenda mara tatu. Mara mbili mlango ulifungwa usoni mwake. Mara ya tatu aliufungua Twiga.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kusema kwamba ni mimi."

"Tunajua ni wewe," alisema Twiga. "Lakini ulisema hata mbele ya baraza. Kaa."

Alikaa. Hawakuwa marafiki, na Bwana Kifungu amenikataza kuandika kwamba walikuwa.

Bendera ilipobadilishwa, Kanuni za Bandari zilipata jalada jipya na yaliyomo yaleyale. Kilichofutwa haraka ni kile cha milango na rangi za watu. Vingine viliachwa vikae. Bwana Kifungu, ambaye sasa alikuwa sajini, aliandika barua tano kuomba vipitiwe upya. Ya tano ilijibiwa, naye akaitwa kwenye kamati. Mawakili walikuja na mafaili. Yeye aliwatoa nje, akawasimamisha juani mahali ambapo kila kifungu kinatiiwa. Vifungu kumi na kimoja vilifutwa, na wakili mmoja alipata malengelenge.

Sisi wadogo zake alitufunza hivyohivyo. Wiki yangu ya kwanza nilitaka kumwandikia kosa kuli aliyekalia magunia. Bwana Kifungu alininyang'anya kalamu, akanibebesha saruji kuanzia saa nne hadi saa tano. Nilipomaliza aliniuliza, "Haya, unasemaje kuhusu yule aliyekaa?" Nami nilikuwa nimeshakalia magunia.

Msidhani alilegea. Mwaka 1971 alimkimbiza mwizi wa nyaya kwa baiskeli ya karani, akamkamata mwisho wa gati. Waliporudi kituoni alimwandikia mwizi kosa lake, kisha akajiandikia la kwake, maana baiskeli gatini ni marufuku. Mwizi ndiye aliyetia sahihi ya shahidi.

Ameshatukabidhi mengi, lakini moja limemshinda, na ametaka lijulikane. Kifungu cha arobaini na moja bado kipo. Kinaturuhusu kumkamata yeyote anayesimama nje ya lango bila shughuli. Wanaosimama pale kila alfajiri ni watu wanaotafuta kibarua, na hiyo ndiyo shughuli yao. Kamati ilikiahirisha mara tatu. Mimi mwenyewe Jumanne iliyopita nilikamata watu wawili kwa kifungu hicho. Mmoja alikuwa na chakula chake cha mchana kwenye mfuko wa karatasi, maana aliamini siku hiyo atapata kazi. Nilipomsimulia Bwana Kifungu, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulimrudishia chakula chake?" Sikuwa nimemrudishia.

Barua ya kuomba kifungu hicho kifutwe iko tayari. Askari kumi na wanane wa kikosi tumeshaitia sahihi, na itaondoka Jumatatu, siku ambayo wewe, mzee, hutakuwepo kutusukuma.

Bwana Kifungu, tunakushukuru wewe, na tunamshukuru mama aliyekaa nawe mezani siku ile. Sare yako umeivaa kwa haki. Nenda kapumzike, ulale hadi jua likuchoke, wajukuu wakuvunjie kila kanuni utakayowawekea. Tunakutakia afya njema na siku nyingi za amani, na kazi uliyoiacha tutaifanya.